Kulala Porini Kuna Masharti Yake

Je, umewahi kulala porini? Bila shaka wengi wenu mtajibu, "Ndiyo, tunalala huko kila mwaka." Mahindi yakianza kukomaa, mkulima huhamia shambani. Hulala katika dungu. Hulinda mazao yake yasiliwe na nguruwe, nyani, viboko na tembo. Hakuna mtu anayemlipa kwa kazi hiyo.

Lakini wako watu ambao hulipa fedha zao ili walale porini. Huacha nyumba nzuri yenye kitanda, umeme na maji ya bomba. Hubeba hema, hupanda gari, na kwenda mbali kulala mahali ambapo simba hunguruma. Katika nchi za Ulaya, Australia na Afrika ya Kusini jambo hili ni la kawaida. Mume na mke waliostaafu kazi hununua kijumba chenye magurudumu. Hukifunga nyuma ya gari lao, wakakivuta mpaka mbugani, wakakaa huko majuma kadhaa. Hapa kwetu pia wapo watu wa mjini wanaofanya safari za namna hiyo. Wengi wao hutumia hema.

Utasema, "Huo ni wazimu." Ngoja kwanza, usicheke. Watu hao hufuata masharti wanapolala porini. Masharti hayo yanaweza kuokoa maisha yako wewe unayelala katika dungu. Ndiyo sababu tumeandika habari hii.

Tutatumia mfano wa mume na mke kutoka Dar es Salaam. Watu hawa ni wa mfano tu, kwa hiyo hatukuwapa majina. Lakini njia waliyopita ni ya kweli. Hifadhi waliyolala ni ya kweli. Na mambo tutakayoeleza juu ya wanyama ni ya kweli.

MUUZA MATURUBAI NA MKEWE

Bwana huyu anauza maturubai na kamba katika Kariakoo. Mkewe anakaanga samaki Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri. Wameishi katikati ya mji kwa zaidi ya miaka thelathini. Watoto wao ni wakubwa na wana nyumba zao.

Miaka yote hiyo bwana aliwauzia watu wengine maturubai. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala chini ya turubai hata usiku mmoja. Siku moja alimwambia mkewe, "Mama watoto, wageni wanatoka Ulaya kuja kuona tembo wetu. Sisi tuko hapa hapa na hatujawaona. Tutakufa tukiwaona kwenye noti tu?"

Mkewe akamjibu, "Baba watoto, mimi niko tayari. Lakini tusiende kama watu wanaokwenda harusini. Tuulize kwanza."

Hilo ni jambo la kwanza la kujifunza. Waliuliza kabla ya kwenda. Waliambiwa kwamba raia wa Tanzania hulipa ada kwa shilingi, na ada hiyo ni ndogo sana kuliko ile ya mgeni kutoka nje. Waliambiwa pia wasiende wakati wa masika, yaani mwezi Machi hadi Mei. Wakati huo magari hukwama katika matope. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Majani huwa mafupi, na wanyama hukusanyika penye maji.

Wakachagua mwezi Agosti. Wakachagua Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa sababu mtu anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na kufika huko siku hiyo hiyo.

KUJIANDAA

Waliandika orodha ya vitu kwenye karatasi. Walinunua karibu vyote Kariakoo. Orodha yao ilikuwa hivi:

Hema moja lenye zipu na sakafu iliyoshonewa. Turubai. Kamba. Chandarua. Tochi mbili na betri za akiba. Madumu manne ya maji ya kunywa. Sufuria, jiko la gesi, mchele, unga, maharagwe na chumvi. Dawa za huduma ya kwanza. Koleo. Gurudumu la akiba. Dumu la petroli. Mifuko ya kuwekea takataka. Na kopo moja kubwa lenye kifuniko.

Bwana aliuliza, "Hilo kopo ni la nini?" Mkewe akasema, "Utalijua usiku."

Kuhusu nguo, waliacha nyumbani nguo nyeusi na za rangi ya buluu. Mbung'o huvutwa na rangi hizo. Mbung'o wako wengi katika pori lile. Huuma hata juu ya shati, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa malale.

JINA LA KARIAKOO NA PORI LA RUFIJI

Kabla hatujaondoka, ndugu msomaji, ujue jambo moja. Kariakoo na pori la Rufiji vina undugu wa zamani.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi yetu. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam. Wakawaweka wapagazi wao mahali ambapo leo ni Kariakoo. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakatamka "Kariakoo", na jina likabaki.

Vita vikahamia kusini, mpaka bonde la mto Rufiji. Wapagazi walibeba risasi na chakula vichwani. Walilala porini bila hema na bila chandarua, mvua ikiwanyeshea. Katika vita vile maelfu ya wapagazi walikufa. Waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Huko huko porini, mahali paitwapo Beho Beho, aliuawa Mwingereza mmoja mwindaji, Frederick Selous, tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake liko huko mpaka leo. Mwaka 1922 pori lile likapewa jina lake, likaitwa Pori la Akiba la Selous. Wapagazi wengi wa Kariakoo hawana kaburi linalojulikana.

Mwaka 2019 serikali ilimega sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo na kuifanya Hifadhi ya Taifa. Ikapewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ukikusanya visiwa kumi na vitano vyenye ukubwa wa Unguja, bado hifadhi hii itakuwa kubwa zaidi.

SAFARI

Waliondoka alfajiri kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Walipita Mbagala, wakapita Mkuranga, wakafika Kibiti. Hapo waliiacha barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Wakaingia kulia, wakafuata njia ya kwenda Mloka. Mloka ni kijiji kilicho karibu na mto Rufiji na karibu na lango la hifadhi liitwalo Mtemere. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 200.

Karibu na Mloka walisimama chini ya mti kupumzika. Kando ya njia palikuwa na shamba la mahindi ya mlau. Mlau ni kilimo cha Warufiji. Maji ya mto yakishuka baada ya masika, watu hupanda katika udongo wenye unyevu uliobaki. Katikati ya shamba palikuwa na dungu. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini yake akisuka mkeka.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Mnatoka wapi?"

"Dar es Salaam, mzee. Tunakwenda hifadhini. Tutalala huko siku mbili katika hema."

Mzee aliweka mkeka chini. Akawatazama kwa muda. "Kwani mna kesi? Mmekimbia nyumba?"

Bibi akacheka. "Hapana, mzee. Tunakwenda kutembea tu. Tumelipa."

"Mmelipa!" alisema mzee. "Mimi nalala na wanyama hao hao hapa, miezi mitatu. Nani atanilipa mimi?"

Bwana hakuwa na jibu. Wakamwachia mzee sukari na majani ya chai, wakaahidi kupita tena wakati wa kurudi.

Ndugu msomaji, lishike swali la mzee huyu. Tutalirudia.

MASHARTI YA KAMBI

Langoni waliandikishwa. Walilipa ada na kupewa stakabadhi. Waliambiwa wasiendeshe gari usiku, wasiliache wakakimbia kwa mwendo mkali, na wasitoke nje ya njia. Kisha walipewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, wakaenda kupiga kambi karibu na ziwa Tagalala.

Njiani waliona twiga, pundamilia na nyumbu. Waliona tembo mmoja tu na mtoto wake. Bibi aliuliza kwa nini tembo ni wachache. Askari alieleza kwamba mwaka 1976 tembo katika pori zima la Selous na maeneo yanayolizunguka walihesabiwa, wakawa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walihesabiwa tena. Walikuwa kama 13,000 tu. Majangili waliwaua wengine kwa ajili ya pembe.

Walipofika kambini, askari aliwakataza kufungua hema kwanza. Alisema, "Kaeni. Kwanza sikilizeni masharti. Na kila sharti nitawaambia sababu yake."

Haya ndiyo masharti aliyowapa:

Sharti la kwanza: Hema lisiwe karibu na maji, wala juu ya njia ya wanyama. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Huenda na kurudi kwa njia ile ile. Akikuta mtu amesimama kati yake na maji, humshambulia. Mamba naye huvizia mahali ambapo watu huchota maji kila siku.

Sharti la pili: Chakula kisilale ndani ya hema. Tembo hunusa machungwa na maembe akiwa mbali sana. Akiyataka, hatajali kwamba kuna mtu ndani. Nyani nao huchana hema kwa sababu ya mkate. Chakula kifungiwe ndani ya gari, na matunda ni afadhali yaliwe yaishe kabla ya usiku.

Sharti la tatu: Jua likishazama, msitembee. Simba na fisi huwinda usiku. Wao wanaona gizani, nyinyi hamwoni.

Sharti la nne: Mkiingia kulala, fungeni zipu mpaka mwisho, hata kama kuna joto. Kwa kawaida simba hapasui hema lililofungwa. Haoni kilichomo ndani. Lakini mlango ulio wazi humwonyesha mtu aliyelala.

Sharti la tano: Moto uwashwe mahali palipofyekwa. Ukizimwa, umwagiwe maji na kufukiwa na mchanga. Cheche moja ya mwezi Agosti inaweza kuteketeza pori zima, na kijiji pia.

Sharti la sita: Msilishe mnyama yeyote. Nyani aliyelishwa leo, kesho huja kunyang'anya. Takataka zote zirudi nazo mjini.

Sharti la saba: Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa. Nge hupenda kujificha humo.

Bwana alisema, "Masharti ni mengi kuliko ya hospitali." Askari akajibu, "Hospitali wanakutibu ukiwa umeumia. Mimi sitaki muumie."

USIKU WA KWANZA

Walikula wali na maharagwe mapema. Saa moja usiku walikuwa ndani ya hema. Mjini saa hiyo bwana angekuwa bado anahesabu fedha dukani.

Kwanza palikuwa kimya. Halafu pori likaanza kusema. Vyura walilia ziwani. Fisi aliita mbali, mwingine akamjibu karibu. Kisha wakasikia simba. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikatikisa kifua. Bibi alimshika mumewe mkono. Hawakusema neno.

Saa nane usiku bwana aliamka. Alikuwa amekunywa chai nyingi. Akapapasa kutafuta zipu ya mlango.

Bibi alinong'ona, "Baba watoto, unakwenda wapi?"

"Nakwenda nje mara moja tu. Hapa hapa."

"Huendi. Kopo liko miguuni pako."

Bwana akataka kubisha. Wakati huo huo wakasikia kitu nje. Kilikuwa kinachana majani, krap, krap, karibu kabisa na hema. Kikapumua kwa nguvu. Bwana akaliacha zipu. Akatafuta kopo.

Asubuhi askari aliwaonyesha nyayo. Kiboko alipita hatua sita kutoka kwenye hema. Baadaye kidogo simba jike alipita upande wa pili, akazunguka gari, akaenda zake. Na fisi alichukua jozi moja ya kandambili iliyoachwa nje. Ilikuwa ya bwana.

Bwana aliziangalia zile nyayo kwa muda mrefu. Askari akamwambia, "Mzee, wanyama hawa hawakuwaacha kwa kuwa nyinyi ni hodari. Waliwaacha kwa sababu mlikuwa ndani, mmefunga, na mmetulia."

KURUDI KWA MZEE

Baada ya siku mbili walirudi Mloka. Walimkuta mzee pale pale. Walimsimulia yote, hata habari ya kopo. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini bwana, kwa kuwa sasa alikuwa ameona nyayo zile, alilitazama dungu kwa macho mapya. Lilikuwa fupi. Mtu mrefu angeweza kuligusa kwa mkono. Lilikuwa wazi pande tatu. Ngazi ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, haiwezi kuvutwa juu. Na mzee alilala humo peke yake.

"Mzee," alisema bwana, "huogopi?"

Mzee akajibu, "Mwanangu, nyinyi mlilala siku mbili, mna hema, mna gari, mna askari mwenye bunduki. Mimi nina debe bovu la kupiga. Naogopa sana. Lakini nisipolala hapa, nguruwe watakula mahindi, na wajukuu zangu watakula nini?"

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mzee, tusiondoke hivi hivi. Leo tuirekebishe ngazi hii. Baba watoto, leta kamba."

SIMBA WA RUFIJI

Ndugu msomaji, hofu ya mzee huyu si hofu ya bure. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba waliwashambulia watu katika vijiji vya Rufiji. Watu 35 waliuawa. Mwezi Aprili 2004 simba mmoja aliuawa, na watu waliamini kwamba yeye ndiye mkosaji mkubwa. Alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililopasuka.

Wataalamu walichunguza jambo hili katika nchi nzima. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 500 katika Tanzania. Wengi walikuwa watu wa mikoa ya kusini na pwani. Wataalamu hao waligundua mambo matatu ambayo kila mkulima ayajue.

La kwanza, mashambulizi mengi hutokea wakati wa mavuno, mwezi Machi hadi Mei. Wakati huo watu hulala shambani.

La pili, nguruwe pori ndio humleta simba. Nguruwe hufuata mahindi. Simba humfuata nguruwe. Akifika shambani hukuta mtu amelala katika dungu lililo wazi.

La tatu, hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kutoka. Jioni huwa na giza nene, na simba ana njaa kwa sababu hakuwinda vizuri wakati wa mbalamwezi. Watu wengi wamekamatwa kati ya machweo na saa nne usiku, wakati ambao bado wanatembea, wanapika au wanakwenda chooni.

MASHARTI YA DUNGU

Sasa tulirudie swali la mzee. "Nani atanilipa mimi?" Huenda hakuna atakayekulipa kwa kulala shambani. Lakini unaweza kuyachukua masharti ya kambi, ukayatumia katika dungu lako. Hayahitaji fedha nyingi.

Jenga dungu refu, lenye nguzo imara. Zungushia kuta za miti au mianzi pande zote, na mlango unaofungwa kwa ndani. Ukuta wa nyasi peke yake hauzuii kitu.

Tumia ngazi inayoondolewa. Ukishapanda, ivute juu.

Usilale peke yako. Wenye mashamba jirani mpange zamu. Watu wawili wakiwa macho kwa zamu ni bora kuliko mtu mmoja aliyechoka.

Panda juu kabla ya giza. Kula mapema. Usishuke usiku kwa haja ndogo. Weka kopo. Usione aibu. Tajiri wa Kariakoo analo.

Usiwalaze watoto shambani.

Fyeka majani kuzunguka dungu, ili mnyama asipate pa kujificha. Uwe na tochi na debe la kupiga.

Tembo akija, usimfuate gizani na usimrushie mwenge. Piga kelele ukiwa mahali pa salama. Wakulima wengine husaga pilipili, wakaichanganya na oili chafu, wakapaka kamba na vitambaa vinavyozunguka shamba. Tembo hachukui harufu hiyo vizuri. Na tembo huogopa nyuki. Katika vijiji kadhaa vya Kenya na Tanzania wakulima wametundika mizinga kwenye waya unaozunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hulinda mahindi yake, tena hupata asali.

Mnyama akileta madhara, toa taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yeye atamwarifu Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Zipo kanuni za mwaka 2011 kuhusu jambo hili. Kwa mazao yaliyoharibiwa, serikali hutoa kifuta jasho. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, hutoa kifuta machozi. Fedha hizi si bei ya shamba, wala si bei ya mtu. Lakini ni haki yako kuomba. Anayechelewa kutoa taarifa huweza kuikosa. Ndiyo maana kujua kusoma na kuandika kuna faida. Andika tarehe, andika saa, andika ukubwa wa shamba lililoharibiwa, na utunze nakala.

Na simba aliyejeruhiwa usimfuate. Hiyo ni kazi ya askari wenye bunduki.

MWISHO

Mume na mke wetu walirudi Dar es Salaam jioni. Gari lilikuwa na vumbi, na bwana alikuwa amevaa viatu bila soksi kwa kuwa hakuwa na kandambili. Siku iliyofuata alifungua duka kama kawaida. Mteja mmoja alimwuliza, "Hili turubai linafaa kulala porini?"

Zamani angejibu, "Linafaa sana." Siku hiyo alisema, "Linazuia mvua. Simba halimzuii. Keti kwanza nikueleze."

Na wewe, ndugu msomaji, leo jioni kabla jua halijazama, nenda ukalitazame dungu lako kama bwana yule alivyolitazama la mzee. Je, ngazi yako inavutwa juu?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini askari aliwakataza mume na mke kuweka matunda ndani ya hema?

2. Nguruwe pori humletaje simba shambani?

3. Katika kijiji chenu, ni watu wangapi hulala shambani peke yao? Mnaweza kupanga zamu namna gani?

4. Mnyama akiharibu mazao yako, utatoa taarifa kwa nani, na utaandika mambo gani?